Usiuze Machungu ya Miritini Ndio Uingie Masta ya Saikolojia

Wacha niseme wazi kabla hamjapita na hii posti: barua ya kuomba masta ya saikolojia si mahali pa kuuza umaskini wa mtaa.

Najua wengi wenu mmeambiwa kinyume. Mmeambiwa andikeni mateja, andikeni maji yanayopotea wiki nzima, andikeni binamu aliyekufa, ndio wazungu waone huruma, ndio kamati ya Nairobi iseme huyu ametoka mbali. Mimi nasema hapana. Na si aibu inayonisemesha, mimi ni wa Miritini na sina pengine pa kujidai. Nasema hivi kwa sababu mbili. Kwanza, haifanyi kazi. Pili, inatupunja.

Tuliosoma saikolojia digrii ya kwanza huku kwetu si wengi, lakini tuko. Na kila mwaka maswali kwenye DM zangu ni yale yale: broo, masta niombe wapi? Barua niandike nini? Pesa nitatoa wapi? Leo najibu yote, ila naanza na barua, maana hapo ndipo watu wanajiumiza bure.

KWANI MASTA YA SAIKOLOJIA NI YA NINI?

Kuna wale watasema, we mwenyewe kazi huna, masta ya nini? Sikiza basi.

Mwaka 2020, jopo la afya ya akili lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza Kenya itangaze magonjwa ya akili kuwa dharura ya kitaifa. Mwaka 2022 Sheria ya Afya ya Akili ikafanyiwa marekebisho. Januari 2025 Mahakama Kuu ikasema kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu, kile kilichomfanya mtu aliyejaribu kujiua awe mhalifu, kinaenda kinyume na Katiba. Kwa karatasi tumesonga mbele. Lakini karatasi haiwezi kukaa na mtu saa nzima ikamsikiliza. Lazima kuwe na mtu aliyesomea hiyo kazi.

Sasa angalieni ramani ya kwetu. Ukitoka Miritini ukaelekea Changamwe, pale Port Reitz kuna hospitali yenye kitengo cha wagonjwa wa akili. Hapa hapa Miritini kuna kituo cha NACADA cha kutibu na kurekebisha watu walioingia kwenye dawa. Kisauni kuna kliniki ya methadone. Watu wetu kwenye hivyo vituo wapo, wamejaa, kama wagonjwa na kama mama waliokaa nje kwenye benchi wakisubiri. Swali langu ni hili: ndani, kwenye kile kiti cha pili, yule anayeuliza maswali ametoka wapi? Anajua kwetu tunaongea vipi?

Kumbukeni sarakasi ya muguka. Mei 2024 gavana wetu Abdulswamad Nassir alipiga marufuku muguka Mombasa, Kilifi na Taita Taveta nao wakafuata, kisha Mahakama Kuu kule Embu ikasimamisha. Wiki kadhaa hakukuwa na habari nyingine. Tulisikia wakulima, tulisikia mawakili, tulisikia wanasiasa wa pande zote mbili. Mimi nilikuwa nangoja mtu mmoja tu aulizwe: kijana anayetafuna tangu kidato cha pili, siku akiacha, usiku wa kwanza anapitia nini? Nani anakaa naye? Maswali kama haya ni ya saikolojia, na majibu yake hayawezi kutoka kwa mtu ambaye hajawahi kukaa maskani hata dakika tano.

Ndio maana nataka tuombe. Tuombe wengi. Lakini tuombe vizuri.

ETI ONGEZA MACHUNGU

Mwaka uliopita nilipeleka rasimu ya barua yangu kwa mtu mmoja anayesaidia vijana kutafuta skolashipu. Simtaji, si lengo langu kumwanika. Nilikuwa nimeandika kuhusu projekti yangu ya digrii: nilizungumza na kina mama 12 wa Miritini na Jomvu wenye watoto wanaotumia unga, nikitaka kujua wao wenyewe wanaielezaje hali yao. Yule mtu akaisoma, akanirudishia na maneno mawili pembeni: ongeza machungu.

Nikamuuliza machungu ya nani? Akasema yako. Baba yuko wapi? Ulilala njaa mara ngapi? Sasa mimi baba alikuwa karani kwenye depo ya makontena, mama anauza mahamri asubuhi na viazi karai jioni. Hatukuwa na pesa za kuchezea, lakini tulikula na tulisoma. Aliyekuwa mbele yangu alitaka nimwandikie njaa ambayo sikuwa nayo, kwa sababu kichwani mwake mtu wa Miritini bila njaa hajakamilika.

Hapo ndipo kuna kupunjwa. Mtoto wa mtaa wa kifahari akiomba masta, anaulizwa anajua nini. Sisi tunaulizwa tumeumia kiasi gani. Na tukikubali huo mchezo, tunaingia darasani tayari tumeshapewa cheti cha mgonjwa.

Sasa tuje kwenye ile ya kwanza, kwamba haifanyi kazi. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Drew Appleby na Karen Appleby, walichapisha utafiti waliouliza wenyeviti wa kamati zinazochagua wanafunzi wa uzamili wa saikolojia swali rahisi: ni kitu gani kinamfanya mwombaji aliyekuwa na nafasi nzuri atupwe nje? Majibu yaliangukia mafungu matano. Barua ya kujieleza inayomharibia mwenyewe. Barua mbaya kutoka kwa marefa. Kutojua lolote kuhusu kozi anayoiomba. Uandishi mbovu. Na kujaribu kuwavutia kwa njia isiyofaa.

Lile fungu la kwanza lisomeni mara mbili. Ndani yake kuna watu waliomwaga habari za ndani kupita kiasi, wakiwemo walioeleza kwa kirefu matatizo yao wenyewe ya akili, na pia wale waliojionyesha wamezaliwa kuokoa dunia. Yaani kile tunachoambiwa tuongeze ndicho kinachotuangusha.

Utaniambia huo ni utafiti wa Marekani na wa zamani. Sawa. Lakini jiweke kwenye kiti cha anayesoma. Ana mafaili mia mbele yake na nafasi chache. Anatafuta mtu atakayemaliza tasnifu, atakayekaa na mgonjwa bila kuvunjika, atakayekubali kusahihishwa. Barua yako ikiwa ni kilio kutoka juu hadi chini, atakuonea huruma kweli, halafu atachukua faili inayofuata.

"LAKINI BROO, SI HUO NI UNAFIKI?"

Hili nimeulizwa na dada mmoja na nilikaa nalo siku mbili. Alisema: hii ni fani inayowaambia watu waongee, wasifiche, wasione aibu. Sasa mtu akiongea kwenye barua anakatwa. Huo si unafiki?

Ukweli ni kwamba kuna unafiki ndani yake, na sitaitetea. Mtu aliyepitia mfadhaiko akapona anaweza kuwa mtaalamu mzuri sana, na kuna wataalamu wakubwa waliopitia. Fani ikiwaogopa watu hao ni aibu yake.

Lakini kuna kitu kingine. Barua ya maombi si chumba cha tiba. Ukikaa na mshauri nasaha, anabanwa na maadili asitoe siri yako. Anayesoma barua yako hajabanwa hivyo na wala humjui. Inapita kwenye potali, inaprintiwa, inajadiliwa mezani na watu sita wakinywa chai. Unampa nani maisha yako?

Na zaidi ya hapo: yule binamu unayemwandika, ulimwomba ruhusa? Dada yako aliyelazwa Port Reitz, anajua yuko kwenye ukurasa wa kwanza wa faili yako ukiwa umemtaja kwa jina? Sheria ya kwanza kabisa ya hii kazi ni kutunza siri za watu. Wewe unaomba ufundishwe kutunza siri kwa kumwaga siri ya mtu wa nyumbani kwenu. Hiyo hesabu haikubali.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Kama kuna jambo ulilopitia na ndilo lililokuleta huku, liseme kwa sentensi moja, mbili zikizidi. Halafu songa: ulifanya nini baada ya hapo, ulisoma nini, ulijitolea wapi, ulijifunza nini, swali gani limebaki. Jambo lenyewe likifungua mlango limemaliza kazi yake.

Mfano. Mtu wa kwanza anaandika: nimekulia mtaa wa dawa za kulevya, nimeona marafiki wengi wakifa, moyo wangu unalia, nataka kusaidia jamii yangu. Mtu wa pili anaandika: nimejitolea miezi minane kwenye kituo cha urekebishaji, nikaona wengi wanaorudi kwenye unga wanarudi wiki ya kwanza baada ya kutoka, wakirudi nyumba ile ile na maskani yale yale; nataka kujifunza jinsi ya kuiandaa familia kabla mgonjwa hajatoka. Wote wawili wanatoka mtaa mmoja. Wa kwanza nimemhurumia. Wa pili nataka kumpa kazi kesho.

KILE TUNACHOJUA HAKIUZWI NAIROBI

Sasa hapa ndipo naona vijana wa kwetu wanajidharau bure. Mnadhani hamna kitu cha kupeleka ila shida. Wacha niwaambie mnachobeba.

Mwaka 2008 mwanasaikolojia Jeffrey Arnett alipitia majarida makubwa ya saikolojia ya Marekani akakuta asilimia 96 ya watu waliofanyiwa utafiti walitoka nchi zenye asilimia 12 tu ya watu wote duniani. Miaka miwili baadaye Joseph Henrich na wenzake wakaandika kwamba hao watu, tena wengi wao wanafunzi wa chuo, ni wa ajabu ukiwalinganisha na wanadamu wengine. Yaani kile kitabu kikubwa kilichokukosesha usingizi mwaka wa pili kimeandikwa kwa kuangalia kona ndogo ya dunia. Miritini haimo. Na wanaojua hilo, vyuo vizuri, wanatafuta watu wa kulirekebisha.

Chukua lugha peke yake. Kuna dodoso la Kiingereza linamuuliza mtu kama anajihisi yuko chini. Litafsiri neno kwa neno umpelekee mama wa Bonje: unajihisi uko chini? Atakuangalia. Chini wapi? Lakini mwache aongee mwenyewe. Atakwambia ana mawazo mengi. Atakwambia roho inamdunda, usingizi umemhama, moyo mzito. Mwingine atakwambia amepandisha, au amepelekwa kusomewa, na akikuona umekunja uso hapo hapo mazungumzo yamekwisha. Wewe unajua kutokukunja uso, kwa sababu nyanya yako alisomewa pia. Hujafunzwa hilo darasani, umekuwa nalo.

Wale mama 12 niliozungumza nao, hakuna hata mmoja aliyetumia neno la ugonjwa kujielezea. Walizungumza habari za simu. Simu ikilia saa nane usiku. Dodoso lolote nililolisoma chuoni halina swali la simu. Hapo ndipo nikajua nina swali la masta.

Na msidhani haya ni ndoto za mtu wa kontenti. Angalieni Kilifi, mwendo wa matatu tu kutoka hapa. KEMRI-Wellcome iko pale tangu 1989. Profesa Amina Abubakar, mwanasaikolojia aliyefanya PhD yake chuo cha Tilburg kule Uholanzi, alitengeneza na wenzake kipimo cha ukuaji wa watoto wadogo kwa kutumia vitu ambavyo mtoto wa Kilifi anavijua, kikaitwa kwa jina la Kilifi. Watafiti wa huko huko wamelijaribu dodoso la wasiwasi la GAD-7 kwa Kiswahili, kwa watu wazima wanaoishi na virusi vya Ukimwi, kuona kama maswali yanapima kile yanachodai kupima. Hiyo ni kazi ya saikolojia, ya hali ya juu, na malighafi yake ni Kiswahili na subira ya kukaa na watu.

Au mwangalieni Tom Osborn, Mkenya aliyesomea saikolojia Harvard kisha akaanzisha Shamiri. Wazo lao: wafunze vijana waliotoka sekondari juzi tu, wakae na wanafunzi wa sekondari kwa vipindi vichache vya makundi, wazungumze kuhusu kukua, shukrani na maadili ya mtu. Wakalipima kisayansi, na mwaka 2021 matokeo yakatoka kwenye jarida la JAMA Psychiatry: dalili za mfadhaiko na wasiwasi zilipungua. Hawakuanza kwa kulia kwamba Kenya haina madaktari. Walianza na swali: kwa hawa tulionao, nini kinawezekana?

HAYA, MAMBO YA KAZI

Nimeona watu wakiomba kozi kwa sababu jina limependeza. Msifanye hivyo. Jiulize kwanza unataka nini.

Kama unataka kukaa na wagonjwa, hasa wale wazito wa hospitali, tafuta saikolojia ya klinikali. Chuo Kikuu cha Nairobi kinayo chini ya Idara ya Saikiatria, USIU-Africa wanayo, Daystar wanayo. Kama unavutwa na ushauri nasaha wa familia, ndoa, vijana, shule, kuna masta za ushauri nasaha kwenye vyuo vingi zaidi. Nje kidogo ya mpaka, Makerere ya Uganda na MUHAS ya Dar es Salaam wana masta ya klinikali, na kwa mtu wa Mombasa, Dar si ugenini. Kama unachopenda ni utafiti, usijilazimishe klinikali. KEMRI-Wellcome Kilifi wamekuwa wakichukua vijana waliomaliza digrii wakawafunza utafiti. Mwaka mmoja pale unaweza kuipa faili yako uzito kuliko kurasa kumi za machozi.

Kabla hujalipa ada ya maombi, uliza maswali manne, na uulize kwa maandishi ndio ubaki na ushahidi. Kozi imetambuliwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu? Ukimaliza, itakusaidia kusajiliwa? Kenya ina Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia tangu 2014, na anayetaka kutoa huduma anatakiwa awe amesajiliwa na bodi. Atachmenti ni saa ngapi na wapi? Nani atakusimamia ukianza kuona wagonjwa? Chuo kikijikunakuna kwa swali la mwisho, beba faili yako uondoke. Masta ya klinikali bila wagonjwa na bila msimamizi ni kama kujifunza kuogelea Miritini Terminus.

Wale wa ughaibuni, nanyi sikizeni. Marekani, masta nyingi za saikolojia unalipa mwenyewe, lakini PhD ya klinikali mara nyingi chuo kinakulipia karo na kukupa posho, kwa miaka mitano mpaka saba. Ndio maana nafasi ni finyu sana na dedlaini nyingi huangukia Desemba. Kule unamwomba mwalimu zaidi ya chuo: soma anachofanyia utafiti, mwandikie barua pepe fupi ya heshima miezi kadhaa mapema, uone kama anachukua mwanafunzi mwaka huo. Ada za maombi zinaumiza, lakini vyuo vingi vinasamehe ukiomba. Omba, si aibu. Hapo ndipo useme huna pesa, kwenye fomu ya msamaha wa ada, si kwenye barua ya kujieleza.

Uingereza kuna Chevening: masta ya mwaka mmoja, wanataka uwe na uzoefu wa kazi wa miaka miwili, na baada yake urudi nyumbani angalau miaka miwili. Lakini fungua macho. Masta ya mwaka mmoja kule haikufanyi mwanasaikolojia wa klinikali wa Uingereza. Jina hilo linalindwa na sheria na linahitaji udaktari. Usije ukarudi na suti mpya ukagundua karatasi yako haikuruhusu kugusa mgonjwa. Uliza kabla.

Na marefa. Jamani marefa. Mwalimu asiyekujua hata sura ataandika kwamba uliripoti darasani na ulikuwa na nidhamu. Barua kama hiyo inakuzika polepole. Mtafute aliyesimamia projekti yako, au msimamizi wako pale ulipojitolea. Mpe wiki sita, si siku mbili. Mpelekee CV yako, rasimu ya barua, na vitu vitatu ungependa avikumbuke. Mkumbushe kwa adabu. Walimu wetu wana madarasa makubwa, wasaidie wakusaidie.

SASA PESA, NA HAPA SICHEKI

Unaweza kufuata kila kitu nilichosema na bado ukakwama Changamwe raundabauti. Kwa sababu zile kozi tatu za klinikali nilizozitaja zina makao Nairobi. Treni inaanzia kwetu, kweli, Terminus iko Miritini tangu 2017. Lakini tangu Januari 2024 siti ya kawaida ni shilingi 1,500 kwenda tu. Weka karo, weka chumba Nairobi, weka chakula, weka atachmenti ambayo aghalabu hailipi. Kwa mtoto wa muuza mahamri, hiyo si masta, ni harusi ya miaka miwili.

HELB wana mkopo wa masomo ya juu, ulizeni masharti mapema na muangalie suala la wadhamini. Lakini mkopo si jibu la kila kitu. Ndio maana mimi sitaishia kuwaambia vijana wajipange vizuri. Kuna wengine wa kujipanga.

Kaunti ya Mombasa: mna kitengo Port Reitz, na serikali kuu ina kituo hapa Miritini. Hizo ni sehemu za kufunzia, na bado tunawasafirisha watoto wetu kilomita karibu 500 wakajifunze kwa wagonjwa wa watu wengine. Kaeni na chuo kimoja chenye kozi ya klinikali, mkubaliane wanafunzi wa Pwani wasome masomo ya darasani kwa vipindi vya muda mfupi na atachmenti yote waifanye huku, chini ya msimamizi anayelipwa. Bursari nazo ziwatazame wachache wa masta, kwa sharti kwamba wakimaliza watatumikia vituo vya hapa miaka mitatu. Kijana gani wa Jomvu atakataa sharti la kufanya kazi nyumbani kwao?

Na vyuo vyenyewe: mkitaka kujua mwombaji ametoka wapi, wekeni kisanduku kimoja kwenye fomu. Msimfanye aigize umaskini wake kwa maneno mia nane ndio mumwone. Kwenye ile barua muulizeni kila mtu, wa Nyali na wa Miritini, swali moja: unajua nini ambacho sisi hatujui?

Tukiulizwa hivyo, tutajibu. Tunajua mtu anavyobadilika macho wiki moja kabla hajarudi kwenye unga. Tunajua kwa nini dereva wa trela wa masafa marefu hatafuti ushauri nasaha hata akiwa hajalala siku tatu. Tunajua msikiti gani imamu anakubali kuongea habari hizi na kanisa gani mchungaji anawapa watu namba ya hospitali.

Kwa hivyo wewe uliye na digrii yako kabatini, anza hivi wikendi hii. Chukua karatasi, andika swali moja unalolijua kwa sababu umeishi hapa na ambalo jibu lake hujalipata kwenye kitabu. Moja tu. Halafu andika ulichokwisha kufanya kulisogelea. Kama hujafanya kitu, jitolee mahali miezi mitatu kisha urudi kwenye karatasi. Barua itajengwa juu ya hayo mawili. Mengine ni kupunguza maneno na kusahihisha tahajia.

Yangu naituma mwezi huu. Haina njaa ndani, na wale mama 12 wamo bila majina yao, kama nilivyowaahidi.